Mwenyekiti Tunaye, Daftari Liko Wapi?

Ukitaka kujua hali ya chama cha wafanyabiashara, usikimbilie kuutazama uchaguzi wa mwenyekiti. Kiti hicho hakikosi wagombea, na kiti cha mweka hazina nacho kina watu wake. Subiri hadi msimamizi wa uchaguzi aulize ni nani atakayekuwa katibu. Hapo ndipo ukumbi unaponyamaza na watu wakaanza kutazama viatu vyao. Mwishowe kazi hiyo humwangukia kijana fulani aliyeketi nyuma, kwa sababu tu ameonekana akiwa na kalamu.

Kimya hicho kina gharama yake. Ningependa kuonyesha katika makala haya kwamba udhaifu mwingi wa kamati tunazoziendesha kwa kujitolea, hasa katika masoko na vyama vya mafundi, hauanzii kwenye wizi wala ubinafsi, ingawa hayo yote yapo. Huanzia kwenye daftari: ni nani aliyeliandika, ameliandika kwa lugha gani, na ni nani awezaye kulisoma na kulisahihisha.

Huenda msomaji akaona kwamba hili ni jambo dogo. Hebu na tuzitazame tarakimu. Uchunguzi uliofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) mwaka wa 2016 ulikadiria kwamba humu nchini mlikuwa na biashara ndogondogo na za wastani zipatazo milioni 7.4. Kati ya hizo, ni takriban milioni 1.56 tu zilizokuwa na leseni. Zilizosalia, takriban milioni 5.85, ziliendeshwa na watu wasio na leseni. Mtu wa aina hiyo hana wakili wala mhasibu, na mara nyingi hana hata hati ya kibanda anachochumia riziki. Alicho nacho ni chama chake. Chama ndicho humsemea kaunti inapotaka kupandisha ada ya soko. Chama ndicho hukumbuka ni nani aliyetangulia kupewa nafasi, na ndicho husimama mbele ya maafisa siku ambayo matingatinga yanakuja.

Mnamo tarehe 28 Juni 2018 moto uliteketeza sehemu ya soko la Gikomba jijini Nairobi na kuwaua watu 15. Haukuwa moto wa kwanza katika soko hilo wala wa mwisho. Popote pale soko linapoungua, swali la kwanza baada ya mazishi ni hili: kibanda cha nani kilikuwa wapi? Asiye na maandishi hujibu kwa kuapa, na kiapo ni nadra kumshinda mwenye karatasi.

Vyama hivi vina historia. Chama cha Kitaifa cha Wafanyabiashara na Wenye Viwanda (KNCCI) kiliundwa mwaka wa 1965 kwa kuviunganisha vyama vitatu vilivyokuwa vimegawanyika kwa misingi ya rangi: cha Wazungu, cha Waasia na cha Waafrika. Kwa mafundi wa jua kali mwamko ulikuja baadaye. Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji mwaka wa 1985 na kuwaahidi mabanda ya kufanyia kazi, ilidhihirika upesi kwamba Serikali haingeweza kushughulika na kila fundi peke yake. Ilihitaji chama cha kuzungumza nacho, na vyama vya jua kali vikachipuka katika miji mingi. Waraka wa Bunge Nambari 2 wa mwaka wa 1992 ukaitambua sekta hiyo katika sera ya taifa, na sheria ya biashara ndogondogo iliyopitishwa mwaka wa 2012 ikaweka Msajili wa vyama vyake. Kwa hiyo kamati ya soko au ya mafundi ni ngazi ya kwanza ya utawala kwa mamilioni ya Wakenya. Wanaoiketia hawana mshahara. Wamejitolea.

Neno hilo "kujitolea" linastahili kutazamwa kwa makini. Vitenzi "kujitoa" na "kujitolea" vimetenganishwa na silabi moja tu, nayo ni kiambishi cha kauli ya kutendea. Aliyejitoa ameondoka, ilhali aliyejitolea ameingia. Aidha, kauli ya kutendea humlazimu msemaji amfikirie mtendewa: umejitolea kwa ajili ya nani? Lugha yenyewe imeuliza swali ambalo kamati zetu nyingi hazipendi kuulizwa. Ni lugha hiyo hiyo iliyomwita kiongozi wa kikao "mwenyekiti", yaani mwenye kiti. Haikumwita mwenye chama.

Ni nani basi awezaye kujitolea? Mama auzaye mboga huwa katika soko la jumla saa kumi alfajiri, na kufikia saa moja asubuhi amekwisha kupanga bidhaa zake kibandani. Mkutano ukiitishwa saa nne asubuhi, atalazimika ama kukifunga kibanda ama kumwomba jirani akiangalie. Kila saa anayokaa mkutanoni ni mauzo ambayo hayatarudi, kwa maana sukumawiki ya leo haiuziki kesho kutwa. Mwenye duka la jumla aliye na vijana watatu wa kumuuzia anaweza kuketi hadi adhuhuri bila kupoteza hata senti moja. Matokeo yake ni kwamba kamati hujaa watu wenye nafasi, nao ndio huamua mambo ya wasio na nafasi.

Sisemi hivi ili kuwalaumu wenye nafasi. Bila wao huenda pasingekuwa na kamati hata kidogo, na wengi wao hutumia nauli yao, simu zao na usingizi wao kwa mambo ya watu wengine. Ninachosema ni kwamba kujitolea kuna bei, na bei hiyo si sawa kwa kila mtu. Maadamu hali ni hiyo, kumbukumbu za mkutano si mapambo ya utaratibu. Ndizo njia ya pekee ambayo yule aliyebaki kibandani anaweza kuhudhuria mkutano.

Hapa ndipo linapoingia suala la lugha. Mikutano ya masoko yetu mengi huendeshwa kwa Kiswahili, pengine kwa Kiswahili kilichotiwa chumvi ya lugha za mama. Wanachama hubishana, hutaniana, hukasirika na huafikiana kwa lugha hiyo. Kisha katibu huenda nyumbani na kuandika kwa Kiingereza. Hakuna sheria iliyomwagiza afanye hivyo. Ni mazoea tuliyoyarithi kutoka kwa afisi za kikoloni, ambamo usemi ulikuwa wa mwananchi na maandishi yalikuwa ya bwana mkubwa. Kwa sababu hiyo kumbukumbu nyingi za vyama vyetu si taarifa tu za yaliyosemwa, bali pia ni tafsiri. Na tafsiri hiyo hufanywa na mtu mmoja, usiku, baada ya kazi, bila mhariri.

Katika soko moja ninalolifahamu, wanachama walikubaliana kwamba ada ya kila siku isiongezwe mpaka vyoo vitengenezwe na maji yarudi mferejini. Katika daftari la Kiingereza ikaandikwa kwamba wanachama waliikubali nyongeza hiyo kimsingi, na kwamba suala la vyoo na maji lilijadiliwa. Mtu hawezi kusema kwamba huo ni uongo mtupu, kwa kuwa vyoo vilijadiliwa kweli. Lakini neno moja, "mpaka", lilipotea njiani, na neno hilo ndilo lililokuwa mapatano yote. Katika mkutano uliofuata kumbukumbu zilisomwa kwa haraka, mmoja akapendekeza zithibitishwe, mwingine akaunga mkono, na sahihi mbili zikatiwa. Ada ilipopanda na vyoo vikabaki vilivyokuwa, mama mmoja alimwendea kiongozi wao.

"Mwenyekiti, si tulisema vyoo kwanza?"

"Mama, kumbukumbu mlizithibitisha nyinyi wenyewe."

Na mwenyekiti alikuwa akisema kweli.

Msomaji aizingatie hatua hiyo ya kuthibitisha kumbukumbu, kwa sababu wengi wetu huichukulia kuwa desturi ya kupitisha wakati kabla ya ajenda yenyewe. Kwa hakika ni miongoni mwa nyakati chache sana katika maisha ya chama ambapo mwanachama wa kawaida ana mamlaka juu ya afisa wake. Katika hoja nyingine zote afisa huwa na habari zaidi, uzoefu zaidi na sauti kubwa zaidi. Wakati wa kuthibitisha, yeye na muuza nyanya wako sawa: wote wawili walikuwapo, na kila mmoja anaweza kusema, "La, hatukusema hivyo." Kumbukumbu zinaposomwa kwa lugha ambayo nusu ya ukumbi haiwezi kuipima neno kwa neno, mamlaka hayo huyeyuka. Watu huinua mikono kuunga mkono jambo wasilolijua, si kwa sababu ni wajinga, bali kwa sababu wanaona aibu kuuliza mbele ya wenzao.

Najua hoja zitakazotolewa kupinga maoni haya. Ya kwanza ni kwamba benki, wafadhili na afisi za kaunti hutaka maandishi ya Kiingereza. Hoja hiyo ina uzito kiasi, ila uzito wake umezidishwa. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na papo hapo kuwa mojawapo ya lugha mbili rasmi pamoja na Kiingereza. Afisa wa umma anayelirudisha barua la chama kwa sababu limeandikwa kwa Kiswahili anaikataa lugha rasmi ya nchi inayomlipa. Nako kule ambako nakala ya Kiingereza inahitajika kweli, na iandaliwe, mradi itokane na ile ya Kiswahili iliyokwisha kuthibitishwa na wanachama. Kinachotakiwa kutangulia ni kile walichokielewa wote.

Jambo hili lina umuhimu wa pekee wakati kaunti inapoandaa mswada wake wa fedha, ambamo huwekwa viwango vya leseni na ada za masoko. Kifungu cha 201 cha Katiba kinadai uwazi, uwajibikaji na kushirikishwa kwa umma katika masuala ya fedha. Lakini umma hushirikije? Chama chenye daftari safi kinaweza kusimama na kusema: katika mkutano wetu wa tarehe fulani, wanachama kadha wakiwapo, tuliazimia hivi kwa sababu hizi. Chama kisicho na daftari hupeleka watu kumi wa kupiga kelele, na kelele haziwekwi katika faili.

Hoja ya pili ni kwamba yapo masoko ambako hata Kiswahili si lugha ya mazungumzo, na wanachama hutumia Kikamba, Dholuo, Kimeru au lugha nyingine. Ni kweli, na kanuni haibadiliki. Kumbukumbu zinafaa kuandikwa kwa lugha ambayo wanachama wengi zaidi wanaweza kuihakiki, na zifafanuliwe kwa sauti katika lugha ya wale waliosalia. Katika miji yetu mingi, ambako Mkisii ana kibanda kati ya Mtaita na Mluhya, lugha hiyo ni Kiswahili.

Ya tatu hudai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha kwa shughuli rasmi. Kwa mtu aliyeisomea lugha hii, dai hilo huchosha. Tuna ajenda, akidi, udhuru, hoja, azimio, muhula, hazina, ukaguzi wa hesabu na mengine mengi, na Bunge letu limekuwa likiyatumia kwa miaka. Maneno hayakosekani. Yanayokosekana ni mazoea ya kuyatumia mahali ambapo fedha zinatumika.

Siku hizi imezuka hoja ya nne, kwamba kikundi cha WhatsApp kimechukua nafasi ya daftari. Kikundi cha namna hiyo kinafaa sana kwa kuitisha mkutano au kutangaza msiba. Hata hivyo, salamu mia mbili, rambirambi na matangazo ya bidhaa huweza kulizika azimio moja kabla jua halijatua. Tena si kila mwanachama ana simu ya kumwezesha kujiunga, na msimamizi wa kikundi anaweza kumwondoa mwenzake kwa kidole kimoja. Daftari la karatasi likiwekwa mezani haliwezi kumfukuza mtu.

Sasa niwageukie walimu na wanafunzi, kwa sababu wao wanayo dawa ya maradhi haya na pengine hawajui. Uandishi wa kumbukumbu ni sehemu ya mafunzo ya insha za kiuamilifu katika shule zetu za upili. Mwanafunzi hufundishwa kuorodhesha waliohudhuria, waliotuma udhuru na waliokosa bila udhuru. Hufundishwa kuipa kila kumbukumbu nambari yake, kuandika yaliyotokana na kumbukumbu zilizopita, na kuacha nafasi ya sahihi na tarehe. Anaandika kumbukumbu za chama cha Kiswahili cha shule isiyokuwapo, kilichokutana katika ukumbi usiokuwapo. Mwalimu anampa alama kumi na tano kati ya ishirini, na karatasi inaishia jalalani. Mita mia tatu kutoka lango la shule lipo soko lenye wachuuzi mia nne na daftari tupu.

Mwongozo wa mtaala wa elimu uliotolewa mwaka wa 2017 umeyapa nafasi mafunzo yanayopatikana kwa kuihudumia jamii. Sijui huduma ifaayo zaidi kwa somo la Kiswahili kuliko hii. Shule ikubaliane na kamati ya soko la jirani ili wanafunzi wawili, wakiongozwa na mwalimu wao, wahudhurie mkutano, waandike rasimu kwa Kiswahili sanifu kinachoeleweka, na wamkabidhi katibu aikague. Katibu abaki kuwa mwanachama, kwa kuwa dhamana ni yake. Mwanafunzi awe msaidizi tu, naye afunzwe kutunza siri za watu. Mwanafunzi huyo atajifunza tofauti ya "waliazimia" na "walijadili" kwa namna ambayo hakuna kitabu kinachoweza kumfunza, maana ataona senti zikitoka au kubaki katika mkoba wa mtu kwa sababu ya kitenzi alichokichagua.

Mwalimu naye asiikwepe kazi hii anapoombwa. Katika sehemu nyingi za nchi, mwalimu bado ndiye hufuatwa jioni na mzee mwenye karatasi mkononi: "Mwalimu, hebu tuandikie." Wengi huona kwamba huko ni kusumbuliwa. Lakini aliyeandikiwa leo akifunzwa jinsi ya kuandika, kesho hatakuja tena, na hapo mwalimu atakuwa amejitolea kwa maana kamili ya neno hilo.

Vyama vyenyewe navyo vina wajibu wao. Mikutano iitishwe saa ambazo muuzaji mdogo anaweza kuhudhuria, hata ikibidi iwe alasiri ya siku ambayo si ya gulio. Anayekifunga kibanda ili aiketie kamati afidiwe kiasi kidogo kilichokubaliwa na wote na kuandikwa, badala ya kuachiwa ajifidie kwa siri. Muhula uwe na mwisho unaojulikana, maana mtu aliyejitolea kwa miaka kumi na miwili mfululizo huanza kuuona msaada wake kama haki yake, na wenzake huanza kumwogopa. Daftari liwekwe mahali ambapo mwanachama yeyote anaweza kulifungua saa za kazi bila kuomba ruhusa. Na katibu aheshimiwe. Kazi yake ndiyo nzito kuliko zote, kwa maana wengine husema na kusahau, lakini yeye hulazimika kusikiliza yote na kuyajibu baadaye.

Wahenga walituachia methali kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi huitumia tunapozungumzia fedha peke yake. Lakini mchuuzi aliyeacha kibanda chake kwa saa tatu ili atoe maoni yake ametoa mali pia, na mali hiyo hupotea vivyo hivyo, bila habari, endapo hakuna aliyeiandika jinsi alivyoitoa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mwanachama wa chama chochote, kiwe cha wafanyabiashara, cha wazazi au cha akiba na mikopo, fanya jambo moja katika mkutano ujao. Mwenyekiti atakapouliza ni nani anayependekeza kumbukumbu zithibitishwe, usiuharakishe mkono wako. Simama kwa adabu na uombe zisomwe tena, polepole, kwa lugha ambayo yule mama aliyeketi karibu na mlango anaielewa. Kisha mgeukie yeye umuulize kama ndivyo alivyosema.